Nani Ameng'ata Mkia wa Malaika?

Jumanne moja asubuhi niliona ncha ya juu ya mkia wa samaki wangu malaika haipo. Siku zote ilikuwa ikimfuata nyuma kama uzi uliochomoka kwenye upindo wa shuka, na nilishaizoea kiasi kwamba nilikuwa siitazami tena. Nimekuja kuitafuta siku imekosekana. Pale ilipokuwa palibaki kipengo kidogo cha mviringo, ukingo wake safi, kama karatasi iliyotobolewa pembeni.

Kwa asiyemjua, samaki malaika ni Pterophyllum scalare, wa maji ya Amazoni. Yeye ni siklidi, maana yake ni ndugu wa mbali wa sato na perege, ingawa ukimwona alivyo bapa, amesimama kama pembetatu inayoelea, hutakubali udugu huo. Wangu ni wa aina iitwayo shela: wafugaji wamechagua vizazi kwa vizazi wale wenye mapezi marefu kuliko kawaida, hadi akapatikana samaki anayeogelea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni lake. Anapendeza sana, lakini kukimbia hawezi.

Tangi lenyewe ni la lita 180. Mle ndani aliishi na neoni wanane, vijisamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu, kambare wadogo sita wa Corydoras wanaoshinda wakipekua mchanga, kambare mnyonyaji mmoja wa jenasi ya Ancistrus mwenye ndevu za nyama usoni, na tetra watatu wa sketi nyeusi, Gymnocorymbus ternetzi. Niliponunua hao tetra niliambiwa ni wapole. Neno hilo "mpole" limenigharimu, nitalirudia.

Nilichofanya siku ile ndicho wanachofanya wengi. Nilisema: ugonjwa wa kuoza mapezi. Sikujiuliza mara mbili. Nadhani ni kwa sababu ugonjwa una dawa, dawa ina chupa, na chupa ina maelekezo ya matone mangapi kwa lita ngapi. Ugomvi wa majirani hauna chupa.

Nikamimina methilini bluu kwenye tangi zima.

Kama hujawahi kuitumia, ni rangi kali kweli. Ina kazi zake, hasa dhidi ya ukungu kwenye mayai ya samaki, lakini mahali pake ni ndoo ya pembeni. Ukiimwaga kwenye tangi linaloishi, inawashambulia pia wale bakteria wa kwenye chujio wanaobadilisha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo ni nafuu. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya. Mimi niliwavuruga kwa asubuhi moja. Na ile gundi ya silikoni inayoshika vioo kwenye kona ilinywa rangi. Mpaka leo ni ya buluu. Mgeni akiuliza huwa nasema ni urembo.

Siku ya nne kambare wadogo walianza kupanda juu mmoja mmoja, kuvuta hewa na kushuka mbio. Corydoras huwa wanafanya hivyo hata wakiwa wazima, kwa kuwa wanaweza kunyonya hewa kupitia utumbo, lakini mara moja moja tu. Hawa walikuwa wanapishana kama abiria kwenye ngazi. Nikapima maji: amonia 0.5. Kwenye tangi lililokomaa inatakiwa isomeke sifuri. Siku mbili baadaye naitraiti nayo ikajitokeza, na siku ya tisa ukingo wa pezi la chini la malaika ukawa mweupe kama umechovywa kwenye maziwa, na mishipa miwili myekundu ikaonekana ndani yake.

Huko ndiko kuoza kwa mapezi. Nilikuwa nimeutibu ugonjwa ambao haukuwepo hadi ukaja.

Kipengo cha mviringo na ukingo mweupe ni habari mbili tofauti kabisa, na laiti ningezitofautisha tangu Jumanne ile ningeokoa wiki tatu na silikoni yangu. Pezi la samaki limeundwa kama mwavuli: kuna njiti nyembamba za mfupa, na katikati yake utando laini. Kila kitu kinachoharibu pezi huacha alama yake juu ya njiti na juu ya utando, na alama hizo zinasomeka.

Meno ya jirani huacha upungufu wa ghafla. Jana lilikuwepo, leo halipo, na lililobaki ni zima: rangi ile ile, ukingo haujavimba, hakuna weupe. Mara nyingi ni nusu mwezi, au pembe iliyokatwa, na njiti zimekatika pamoja na utando. Tazama pia ni mahali gani. Anayeng'ata huja kutoka nyuma, kwa hiyo mkia na ncha za mapezi ya juu na ya chini ndivyo vinavyoumia kwanza. Kwa malaika ongeza zile nyuzi mbili ndefu zinazoning'inia mbele ya tumbo. Hizo ni mapezi pia, na mdomo wa samaki mwenye njaa huziona kama minyoo miwili iliyofungwa kamba.

Kuoza hakuna haraka ya namna hiyo. Huanzia ukingoni na kula kuelekea mwilini siku baada ya siku. Ukingo hupauka au huwa mweusi, hunyauka, hujikunja, njiti hubaki zimechomoza kama vijiti vya ufagio uliochakaa baada ya utando kuisha katikati yake. Mara nyingi si samaki mmoja tu, na ukipima maji karibu kila mara unakuta kisa. Bakteria wanaohusika, wa jenasi kama Aeromonas na Pseudomonas, wamo majini muda wote. Wanasubiri ngozi idhoofike. Yuko mmoja wa kuogopwa zaidi, Flavobacterium columnare, ambaye huenda kwa kasi na hupenda joto. Ndiyo maana ule ushauri wa "ongeza hita" kila samaki anapougua mimi siufuati tena kabla ya kujua ninapambana na nani. Na zile nyuzi za pamba nyeupe ambazo watu huziita ugonjwa wenyewe mara nyingi ni ukungu wa Saprolegnia uliokuja baadaye kujiotea kwenye kidonda.

Kuna aina ya tatu isiyo na mkosaji: mpasuko mmoja mrefu kati ya njiti mbili, bila kitu kupotea, kama shuka iliyonaswa na msumari. Hapo samaki ameshtuka usiku akapita kwenye jiwe lenye makali au jani la plastiki, au mkia wake umevutwa na mdomo wa chujio. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila pambo: ikinasa, pezi nalo litanasa. Na samaki aina ya beta, madume wenye mikia mizito, wakati mwingine hugeuka na kujing'ata wenyewe. Wapo wanaoishi peke yao kabisa na bado kila Jumatatu mkia una kipengo kipya, na mwenye tangi anahangaika kutafuta mwizi kwenye nyumba ya mtu mmoja.

Basi. Nilipokwisha badilisha maji theluthi kila siku kwa wiki nzima, nikaweka mkaa maalumu kwenye chujio uivute ile bluu, na amonia ikarudi sifuri, nilikaa chini kutafuta aliyeanza yote haya.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Ancistrus. Kesi dhidi yake ilikuwa nyepesi: ana sura mbaya na anatembea usiku. Nilimtoa nikamweka kwenye ndoo yenye pampu ya hewa. Siku mbili baadaye malaika alikuwa amepoteza nusu ya uzi mmoja wa tumboni, na mtuhumiwa wangu alikuwa bado ndooni akilamba kipande cha boga. Nikamrudisha. Hakuonyesha kinyongo. Kumbe wanaonyonya ute wa samaki wengine ni hasa wanyonyaji wa aina nyingine, Gyrinocheilus aymonieri, wakikua wakubwa, wanaopenda kujibandika ubavuni mwa samaki bapa, na hao sikuwa nao.

Tatizo la kuchunguza tangi ni kwamba samaki wanakujua. Kila niliposogea, wote walikuja mbele ya kioo wakipanua midomo, wapole kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Mtu wa chakula amefika, nani atagombana? Nilikuwa nimewatazama kwa miezi na kila siku nilichoona ni tabia yao ya mbele ya mgeni. Ndipo nikachukua kiti, nikakiweka upande wa pili wa chumba, alfajiri kabla taa ya tangi haijawaka, nikakaa bila kucheza na simu.

Robo saa ya kwanza hawakufanya lolote. Taa ikawaka kwa saa yake. Neoni, ambao usiku hupauka hadi unadhani wamekufa, walianza kurudisha mstari wao wa buluu. Malaika alisimama karibu na bomba la chujio, mkia ukipepea kwenye mkondo. Tetra watatu walikuwa wakizunguka pamoja upande wa kushoto. Kisha mmoja akajitenga. Hakumwendea malaika moja kwa moja. Alipita mbali, chini, akatokea nyuma yake na kuning'inia pale, kichwa kimeinama, kama mtu anayesoma gazeti juu ya bega la mwenzake. Sekunde tatu hivi. Akachomoka, akadonoa, akarudi kwa wenzake. Nilikiona kipande cheupe mdomoni, kidogo kuliko punje ya ufuta. Akakitema, akakimeza tena. Malaika aligeuka kwa hasira yote aliyonayo, shela ikamzunguka mwilini, na alipomaliza kugeuka hapakuwa na mtu.

Kwa dakika arobaini nilihesabu majaribio kumi na moja. Manne yalifika.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo ilikuwa inaliwa.

Nikawachukia hao tetra kwa siku mbili tatu, halafu chuki ikaniisha, maana nilipoanza kusoma juu yao nikaona kosa liko kwenye hesabu yangu. Tetra wa sketi nyeusi ni samaki wa kundi. Wakiwa wanane au kumi wana mambo yao: nani mbele, nani apishwe, dume gani atanue mapezi mbele ya nani. Wanasukumana na kudonoana kutwa, na kwa kuwa wote ni wepesi na mapezi yao ni mafupi, hakuna anayeumia sana. Ukiwaweka watatu, ule ukoo mzima wa ugomvi hauna pa kwenda. Mmoja anakuwa mkubwa, wa pili anapigwa, wa tatu anatafuta mtu wa kumpiga. Na pale pembeni kuna kiumbe mpole, mkubwa, mzito, aliyejivika vitambaa.

Ndivyo ilivyo pia kwa wale barbi milia, Puntigrus tetrazona, wenye sifa mbaya kuliko wote, na kwa tetra wekundu wa Hyphessobrycon eques. Watu huandika "wakorofi" wakamaliza. Lakini neno "mkorofi" na neno "mpole" yanasema kana kwamba tabia imo ndani ya samaki kama rangi yake. Mimi naona tabia imo katikati: kati ya idadi yao, ukubwa wa nafasi, njaa yao na urefu wa pezi lililo jirani. Badilisha kimoja na yule yule mpole wa jana anakuwa mwizi.

Na kung'ata pezi, huko kwenye maziwa na mito, ni riziki halali. Ziwa Nyasa lina siklidi aitwaye Genyochromis mento ambaye chakula chake ni magamba na mapezi ya samaki wengine. Ziwa Tanganyika lina Perissodus microlepis, mla magamba, na yeye ni wa ajabu zaidi: wengine mdomo wao umepinda kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu ule tu unaofaa upindo wake. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha kwamba pande hizo mbili hupokezana wingi. Wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa huzoea kulinda ubavu mmoja, na wa kushoto ndio wanaoshiba, mpaka nao wazidi. Ukifikiri vizuri ni ufugaji wa namna yake, kwa kuwa gamba na pezi huota tena. Unamla jirani bila kumwua, na kesho yupo.

Kwa hiyo nikafanya lile ambalo kila mtu hushauri: nikaongeza tetra watano, wakawa wanane. Niliona ni kichaa, kuongeza wezi ili wizi upungue. Ulipungua. Wiki ya pili nilikaa tena kwenye kiti changu, dakika arobaini zile zile, na nikahesabu majaribio mawili tu. Muda mwingine wote walikuwa wakifukuzana wao kwa wao. Ushauri ni wa kweli basi, ila haujakamilika. Mawili kila asubuhi, kwa samaki wa shela ambaye pezi lake halina muda wa kupona, bado ni mengi. Kama malaika wangu angekuwa na mapezi ya kawaida pengine ningewaacha. Mwishowe nikawahamishia kwenye tangi lingine lenye danio, samaki wenye kasi na mikia mifupi, na huko hata sijui kama wanagombana, maana sijaona kipengo kwa yeyote.

Tangu hapo sipangi tena wakazi kwa kuuliza nani mpole. Nauliza nani ana kitu kinachopepea, na nani ana kasi ya kukifikia. Beta, gapi wa mikia mikubwa na malaika wa shela wamepewa na binadamu mapezi wasiyoweza kuyalinda. Beta wa porini mkia wake ni mfupi tu. Hao wanahitaji majirani wa chini ya tangi, au wadogo wasio na udadisi. Gurami dume hatofautishi beta na mpinzani wa ukoo wake, nao wanapigana. Samaki wa dhahabu hata usianze kumfikiria hapa: anataka maji ya nyuzi 18 hadi 22, na wengi wa hawa wengine wanataka 24 hadi 27, hivyo mmoja atadhoofika daima, na samaki dhaifu huvuta meno.

Malaika nilimweka peke yake kwenye ndoo safi yenye hita kwa siku kumi, chumvi tupu gramu 1 kwa kila lita, nusu ya maji ikibadilishwa kila siku. Chumvi hiyo nisingeitia kwenye tangi kubwa kwa ajili ya mimea na kambare. Ukingo mweupe uliacha kusonga siku ya tatu. Kisha zikaja wiki za kusubiri, na hapa nakiri nilifurahi kama mtoto. Pezi jipya haliji na rangi. Linaota kama ukanda wa nailoni, wazi kabisa, huoni kitu mpaka taa ilipige kwa upande, halafu unaona milimita moja ya kioo kando ya ile milia ya zamani. Mfaransa Broussonet aliandika juu ya mapezi ya samaki kuota upya tangu mwaka 1786, na maabara za leo hukata ncha ya mkia wa danio milia na kuutazama ukirudi kwa takriban wiki mbili kwenye maji ya nyuzi 28. Wangu, mzee na mwenye shela ndefu, alichukua karibu miezi miwili. Kidonda kikifika kwenye shina la pezi, mwilini kabisa, mara nyingi halirudi tena, lake halikufika. Njiti moja ya juu imeota na kikunjo, kama waya ulionyooshwa kwa mkono, na ukitazama utajua ni yeye.

Sasa tangi limetulia. Kambare wanapekua, Ancistrus yuko nyuma ya gogo, mkia una ncha zote mbili.

Juzi wakati wa kuwalisha nikahesabu neoni. Saba. Nikadhani mmoja yuko nyuma ya majani, nikahesabu tena jioni, nikahesabu jana. Chini hapana maiti, kwenye chujio hapana kitu, sakafuni hapana aliyeruka. Leo asubuhi ni sita. Nilipomnunua, malaika alikuwa na ukubwa wa sarafu na neoni walimzidi urefu. Alikuwa amesimama pale pale karibu na bomba la chujio, shela imetulia, hana habari na chakula nilichomwaga, na tumbo lake limejaa, la duara.

Nimekirudisha kiti upande wa pili wa chumba.